Mzizi Umekataa

"Ya bure, Fikirini! Programu ya bure! Daktari mzima kakaa kitako, kaangalia picha, kasema mapafu ya mama yangu safi. Halafu wewe na kidude chako cha kuokota mtandaoni unaniambia nisubiri?"

Bakili alikuwa kasimama katikati ya intaneti kafe, mikono kiunoni, shati la kazi la bandarini limemganda mgongoni kwa jasho. Ni mtu mkubwa, Bakili. Akisimama mlangoni, ndani kunakuwa giza kama mgao wa umeme umeanza upya. Wateja wote walikuwa wameacha kuchapa. Macho kwenye skrini, masikio kwenye ugomvi.

"Sijasema mama anaumwa, kaka," Fikirini akasema. "Nimesema mzizi umekataa."

"Mzizi! Kwani mama yangu muhogo?"

Jamaa mmoja pale dirishani akaangua kicheko, akakutana na macho ya Bakili, kicheko kikageuka kikohozi.

"Nimekuja kuchapa barua ya daktari, basi," Bakili akaendelea. "Nyumbani sufuria ziko jikoni. Majirani wameshaanza kuingia, shehe kaambiwa baada ya adhuhuri tunasoma dua ya shukrani. Mama kavaa kanga mpya. Nichapie karatasi yangu niondoke."

Fikirini hakuchapa. Akavitoa vidole vyake juu ya kibodi, akavishusha chini ya meza.

Devendra akatoka ofisini kwake kule nyuma, miwani kapandisha kichwani, kikombe cha chai mkononi. Mzee huyu kazaliwa mtaa huohuo wa Sikukuu. Marehemu baba yake aliuza vitambaa ndani ya chumba hichohicho, kabla kompyuta hazijaja kukaa mahali pa majora.

"Bakili mwanangu, sauti yako inafika mpaka sokoni. Kuna nini?"

"Muulize kijana wako, mzee Devendra. Anataka kumrudishia mama yangu ugonjwa."

Neno hilo lilimwingia Fikirini kama mwiba wa samaki kooni.

Huyu Fikirini ni mtoto wa Mchikichini, kazaliwa enzi zile mitumba ndiyo kwanza inaruhusiwa, marobota yanafunguliwa hadharani na watu wanagombania jinzi za Wazungu. Shule aliiacha kidato cha pili. Si kwamba kichwa kilikuwa kizito, makalio ndiyo yaligoma benchi. Akauza viatu vya mguu mmoja mmoja akitafuta wa pili, akauza vocha, akabeba televisheni za Dubai mgongoni, mwisho akaangukia kwa Devendra kufagia. Alipogundua kwamba kompyuta haichoki kuulizwa maswali, akatulia kidogo. Kidogo tu.

Na katika miaka yote hiyo ya kuhangaika, aliyekuwa anamlisha ni Bi Mwanamkuu, mama yake Bakili. Mama wa watu anakaanga chapati barazani kwake, nyuma ya Msimbazi, na kila kijana anayepita na njaa usoni anaitwa. "Kula kwanza, maneno baadaye." Hakuna aliyewahi kumsikia akiuliza hela iko wapi. Sasa mama huyo kifua kilimbana, kikohozi hakiishi, analala amekaa. Hospitali ya hapa wakampiga eksirei, daktari akaona doa, wao wanaliita kivuli, juu ya pafu la kulia. Akasema hiki kitu kiwahiwe, na kwa kukiwahi ni India. Ukoo ukachanga, tiketi ikapatikana. Devendra akampigia mpwa wake Paras, anayeishi Ahmedabad, kulekule India, akamtafutia daktari wa kifua. Yule daktari akasema mleteeni picha kwanza aione. Na isibanwe hata chembe ili iwe nyepesi kutuma, maana ukiibana unapoteza vitu vidogo.

Juzi jibu likaja: mapafu safi, mama asisafiri, ale vizuri apumzike. Bakili alilia kwa furaha palepale kafe. Jana karudisha tiketi kwa wakala.

Leo asubuhi Fikirini kapata ujumbe wa Paras kwenye simu, na sasa akawasomea. *Samahani nimechelewa kuikagua. Picha ilifunguka vizuri nikampa daktari. Jana usiku nimepiga ile maktaba yako, mzizi haulingani.*

"Maktaba gani tena?" Bakili akauliza. "Mara mzizi, mara vitabu!"

"Ndivyo wanavyoiita, kaka. Ni programu inayowekwa ndani ya programu nyingine, kila mwenye shida anaazima. Hii inahakikisha kama kitu ulichopokea ndicho kilichotumwa." Fikirini akalionyesha shati la Bakili. "Wewe bandarini si ni tali kleki, unahesabu mizigo? Kontena likishuka, unajuaje halijafunguliwa njiani?"

"Sili. Sili ikikatwa, najua."

"Haya. Sasa chukua kontena ambalo kila katoni ndani yake ina sili. Katoni mbili unazipa sili moja ya pamoja, imetokana na zile mbili. Hizo za pamoja nazo, mbilimbili, unazipa nyingine. Unapanda hivyohivyo mpaka inabaki moja tu, ya mlangoni. Mpangilio huo wote wanauita mti, na hiyo ya juu ndiyo mzizi. Mtu akichomoa hata soksi moja kwenye katoni ya chini kabisa, sili yake inabadilika, ya juu yake inabadilika, mpaka ya mlangoni. Na ukishuka nazo, tawi kwa tawi, unaikuta katoni yenyewe iliyoguswa. Hushushi mzigo mzima."

Bakili akakunja uso. Kwa mara ya kwanza tangu aingie, mikono ilitoka kiunoni. "Mti gani mzizi wake uko juu?"

"Waliotengeneza ndivyo walivyotaka."

"Na hao waliotengeneza ni kina nani?"

"Siwajui."

"Huwajui!" Bakili akamgeukia Devendra. "Umesikia, mzee?"

"Ni programu huria, kaka. Watu wameiandika huko na huko, wameiacha wazi, kila mtu anaona ndani ilivyo. Hakuna kilichofichwa. Mimi mwenyewe nimeisoma."

Hapo alisema kweli, ila si yote. Ameisoma na kamusi pembeni, na nusu yake ilimpita kama tarumbeta la harusi ya watu. Kama programu imekosea, au yeye ndiye kaipiga vibaya, basi kamtia hofu mgonjwa siku ya shukrani yake, na Msimbazi yote itamjua kwa jina hilo. Na kama haijakosea? Alijaribu kuliwaza hilo la pili, akaliacha njiani. Lilikuwa na meno.

"Labda ni dishi la setilaiti," Devendra akasema taratibu. "Mawingu ya siku tuliyoituma. Vipande vimeharibika vikipanda angani."

"Hilo tutalijua sasa hivi, bosi. Sidii yenyewe iliyotoka studio ya picha ninayo. Nikiikagua hapahapa ikakubali, basi tatizo ni dishi. Ikikataa..."

"Ikikataa nini?" Bakili akauliza.

"Basi iliguswa kabla haijafika hapa."

Akaitia sidii kwenye mashine. Nje, jenereta la kafe likakohoa, taa zikafifia, kila mtu akashika pumzi, likapata nguvu tena. Mashine ikaanza kusoma. Ilikuwa inalia kama mbu. Fikirini alijikuta anaomba kimoyomoyo, *ikubali, ikubali,* halafu akajiuliza anaomba nini hasa. Ikikubali, sidii ni nzima, aliyeharibu ni dishi, itabidi itumwe upya. Ni usumbufu tu. Usumbufu mtamu.

Ikakataa.

Na haikukataa ovyo. Aliposhuka nayo tawi kwa tawi, vipande vilivyobadilika vilikuwa vimekaa pamoja, vimefuatana kama majirani wa uchochoro mmoja. Vingine vyote, juu yake na chini yake, vizima. Fikirini akazihesabu upya namba za vile vipande.

"Ongea basi!" Bakili akasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Sidii ikichunika inaharibika ovyoovyo. Hapa ni sehemu moja. Picha hii haijabanwa, kaka, imelala mstari kwa mstari kama jamvi. Vipande hivi ni mistari ya..." Akaweka kidole kwenye skrini, akakipitisha kutoka bega mpaka bega. "Ya hapa. Juu ya kifua."

Picha ilikuwa imefunguka mbele yao. Mbavu nyeupe, mapafu meusi, meusi safi, hayana hata alama. Yalikuwa yanapendeza. Yalikuwa yanapendeza kuliko mapafu ya mama aliyekaa kwenye moshi wa makaa maisha yake yote.

Devendra akateremsha miwani. Akatazama kwa muda. "Nani aliitoa kwenye filamu kuiweka kwenye kompyuta?"

Hilo wote walikuwa wanalijua. Zahoro. Kariakoo yote ni mpiga picha huyo tu mwenye skana kubwa ya kuangaza filamu kwa nyuma. Na Fikirini alikuwepo siku ile. Alikwenda na maktaba yake kwenye flashi, skana ilipomaliza tu akaupiga mti palepale, akauhifadhi, akamtumia Paras namba ya mzizi, akaondoka mbio kwa sababu kuna mtu bandarini alikuwa anauza monita kuukuu. Picha yenyewe wala hakuitazama. Sidii ilichomwa yeye akiwa hayupo.

Wakatoka, Fikirini na Bakili, kumfuata Zahoro. Watu wa Kariakoo walikuwa na siku yao ya kawaida, wanapiga kelele za bei, redio za studio za kanda zinagombana, mkokoteni unapita na majokofu. Bakili alikuwa anapasua watu kwa bega na Fikirini anafuata kwenye uwazi.

Studio ya Zahoro iko ghorofa ya kwanza, Msimbazi. Ukutani ni maharusi tu, nyuso laini kama mayai yaliyomenywa, hakuna chunusi, hakuna kovu, hakuna mwenye kipara kinachong'aa. Zahoro mwenyewe ni mtu mwembamba, mwenye manukato, amezoea kusifiwa.

"Karibuni, karibuni! Kaka Bakili, nimesikia habari njema ya mama. Nitakuja kwenye dua, nimefua hadi kanzu. Mnataka picha ya ukumbusho?"

"Zahoro," Fikirini akasema, "ile eksirei. Ulipomaliza kuiskani, mimi nikaondoka. Kabla hujaichoma kwenye sidii, uliifanya nini?"

"Niliifanya nini? Niliimalizia."

"Kuimalizia vipi?"

"We dogo vipi, hujui kazi yangu? Hapa picha haitoki na doa." Akatanua mkono kuonyesha ukuta. "Akija mtu na upele, anatoka na sura ya peponi. Ile ya mama ilikuwa na mavumbi pembeni, usawa wa mabega, nikafagia. Na hapa juu," akagusa kifua chake mwenyewe, upande wa kulia, chini kidogo ya mtulinga, "kulikuwa na kidoa hivi, cheupe, kama sarafu. Nikajua watu wa hospitali wameshika filamu na vidole vya mafuta. Nikakipaka weusi wa jirani yake. Ukitazama huwezi kujua hata kama ki..."

Akashusha mkono. Alikuwa ameuona uso wa Bakili.

Bakili hakupiga mtu. Wengi mtaani wangesema angepiga. Alikaa chini kwenye kile kiti cha maharusi chenye maua ya plastiki, akashika magoti yake mawili kama mtu aliye kwenye boti.

"Sikutaka chochote," Zahoro akasema. "Wallahi, sikumwomba hata senti kwa ile kazi. Nilitaka mama yetu atoke vizuri."

"Ya kwanza unayo?" Fikirini akamuuliza. "Kabla hujaipaka?"

"Nilihifadhi juu yake palepale. Ya kwanza haipo tena."

"Filamu yenyewe?"

"Nilimrudishia mama mkononi."

Filamu iko nyumbani. Fikirini akamtazama Bakili, na Bakili akatikisa kichwa pale kwenye kiti, mara moja, kama ng'ombe anayefukuza nzi. "Mimi siwezi kuingia. Akiniona usoni atajua. Nenda wewe."

Basi Fikirini akaingia kwenye nyumba ya shukrani peke yake. Uani kulikuwa na moshi na vicheko, kina mama wanachambua mchele, wengine wanakoroga pilau, mmoja kaanza kaswida na wengine wanaidaka. Bi Mwanamkuu alikuwa amekalishwa kwenye mkeka kama bibi harusi, kanga mpya ya manjano, miguu kainyoosha. Alipomwona akatabasamu mpaka macho yakapotea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Njoo nikuone. Umekonda, huyo Devendra hakupi muda wa kula? Mwekeeni sahani huyu."

"Nitakula mama. Nimetumwa ile filamu. Eksirei."

"Ya nini tena, baba? Si kimeisha?"

Fikirini alifungua mdomo. Alikuwa na uongo wa aina tatu tayari, mtoto wa mtaani huyu, uongo haumpungukii. Hakuna hata mmoja uliotoka. Mama akamtazama. Kaswida iliendelea kule pembeni, lakini tabasamu la mama lilikuwa limeanza kutoka usoni taratibu, kama mtu anayeondoka kwenye mkutano asitake kusumbua.

"Chini ya godoro," akasema. "Upande wa ukutani, isikunjike."

Kisha akakohoa, akafunika mdomo kwa pindo la ile kanga mpya. Fikirini akaingia chumbani, akainua godoro, akaichomoa ile bahasha kubwa. Hakutaka kuangalia. Mkono wake haukumsikiliza, ukaitoa filamu ukaiweka kwenye mwanga wa dirisha.

Kidoa kilikuwepo. Cheupe, cha mviringo, ukubwa wa sarafu, kimetulia pale juu kwenye pafu la kulia kama kitu chenye haki ya kukaa. Mistari ileile ambayo mti uliionyesha. Programu haikukosea. Fikirini hakupata raha yoyote kujua hivyo. Angependa iwe imekosea, aonekane mjinga Msimbazi nzima mpaka uzeeni.

Kule studio, Zahoro aliiweka filamu kwenye skana kwa mikono miwili kama anamlaza mtoto mchanga. Mwanga ukapita. Hakugusa kitu. Alipoona vumbi pembeni mwa picha, kidole kikataka kwenda kwenye kipanya, akakirudisha mfukoni mwenyewe. Fikirini akapiga mti mpya, maana filamu ileile ukiiskani mara ya pili haiwi sawasawa na ya kwanza, inapata mzizi wake mwingine. Akamtumia Paras namba ya mzizi kwa simu, herufi kwa herufi, akaisoma tena, Bakili akimfuatilia begani. Safari hii sidii aliichoma mwenyewe. Akaikagua palepale, ikakubali. Akaikagua tena kafe, mbele ya Devendra, ikakubali.

Ndipo wakaanza kuirusha. Dishi lile ni la kubembeleza. Kipande kinapanda, kinafika, Ahmedabad wanakipima na sili yake, wanajibu kizima. Kinachofuata. Kimoja kikafika kimechunika, maktaba ikakijua palepale, kikatumwa kile tu, vingine vikaendelea. Wateja walikuwa wameambiwa waache mashine zao, waya wote uende kwa mama. Hakuna aliyelalamika. Yule jamaa wa dirishani aliyecheka alikuwa amekaa hapohapo na mashine yake kaizima, anatazama ule mstari wa kijani ukijisogeza.

Simu ikalia. Paras. Devendra akaipokea kwa Kigujarati, akasikiliza sana kuliko alivyoongea, kisha akaishusha.

"Haijafika yote. Ila kamtafuta daktari, kamweleza. Daktari kauliza kama mama ameshapoteza nafasi ya ndege." Akamgeukia Bakili. "Kasema asiipoteze. Aje wiki hii, akiweza. Picha ataiona wakati mama yuko njiani."

Bakili alikuwa ameegemea ukuta. Halafu akachukua simu yake, akapiga, akageukia mlango.

"Shehe, asalamu aleikum. Ndiyo, watu wamekaa... Hapana, usiondoke. Dua isomwe palepale. Ila si ya shukrani, shehe. Soma ya kuomba. Nitamweleza mama mwenyewe nikirudi."

Akaweka simu mfukoni. Akamtazama Fikirini, akatazama mashine.

"Kipande kikigoma?"

"Nakirudia, kaka. Siondoki hapa."

"Usiondoke," Bakili akasema. "Leo usiondoke."

Akafunga vifungo vya shati lake la bandarini mpaka shingoni, kama mtu anayekwenda kuomba kitu kwa wakubwa, akaliruka jenereta pale kizingitini, akaenda kwa wakala wa ndege kabla hawajampa mtu mwingine kiti cha mama yake.